Neno "Hadi" na Kikomo cha Hesabu katika Lugha za Programu

Katika milango ya ofisi nyingi za Kinondoni na Temeke hubandikwa karatasi yenye mstari mmoja wa maandishi: Jumatatu – Ijumaa, saa 1:30 – 9:30. Mwenye shida hausomi mstari huo mara mbili. Ajua kwamba akija Ijumaa atahudumiwa. Ajua vilevile kwamba akifika saa 9:30 barabara ataukuta mlango unafungwa. Lakini kistari kilichowekwa baina ya majina ya siku ni kile kile kilichowekwa baina ya saa, na mtu akiusoma mstari huo kwa sauti atasema "hadi" pale na "hadi" hapa bila ya kubadili hata pumzi. "Hadi" ya kwanza imekiingiza kikomo chake ndani ya hesabu. "Hadi" ya pili imekiacha nje. Neno moja, katika sentensi moja, limefanya kazi mbili zinazopingana, wala hapana mtu katika foleni aliyewahi kulalamika.

Kompyuta haina akili hiyo ya foleni. Haijui kwamba Ijumaa ni siku nzima na kwamba saa 9:30 ni nukta tu ya wakati. Hufuata ilichoambiwa, na huambiwa kwa lugha ya programu. Kila lugha ya namna hiyo imelazimika kuwa na njia ya kutaja mfululizo wa namba, toka hii hadi ile, maana bila ya hiyo haiwezekani kupitia majina ya wanafunzi, kurasa za daftari, wala siku za mwezi. Ni miongoni mwa kauli zitumiwazo mno katika programu, na ni miongoni mwa kauli zikosewazo mno. Programu huanza mapema kwa moja au huacha mapema kwa moja. Mwanafunzi wa mwisho katika orodha hukosa cheti, au huandikwa mwanafunzi asiyekuwapo. Desturi ni kumlaumu mwandishi wa programu kwa uzembe. Lakini lawama ya kwanza yastahili kuwekwa juu ya lugha yenyewe, ikiwa imempa mwandishi kauli isiyosema kama kikomo kimo au hakimo. Jambo hilo ni la ufasaha, na mhakiki wa lugha ana haki ya kulihukumu kama alivyo nayo mhandisi.

Historia ya kauli hiyo ni fupi, nayo imejaa kigeugeu. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, haikutumia neno lolote: iliandika 1, 100, na mkato ukasimama mahali pa "hadi". Kikomo kilikuwamo, lakini msomaji hakukiona kikitajwa; alipaswa kukijua. ALGOL 60 ikaja na sentensi iliyo karibu zaidi na usemi wa watu, ikachukua neno la Kiingereza "until", ambalo kwa Kiswahili ni "mpaka", na mfululizo wa 1 "until" 10 ukawa na kumi ndani yake. Miaka arobaini na zaidi ikapita, zikazuka Scala na Kotlin, nazo zikalichukua neno lile lile. Safari hii kumi ikatolewa nje. Basi mwanafunzi aliyesoma vitabu vya zamani na yule aliyesoma vya sasa watakutana na neno moja, kila mmoja na imani yake, na kila mmoja atakuwa na kitabu cha kumtetea.

Hapana budi kusema kwamba kosa halikuwa la watunzi peke yao, kwani neno lenyewe lina nyuso mbili, na "mpaka" la Kiswahili ni ndugu yake. Mtu akiambiwa "ngoja mpaka mvua ikome", kukoma kwa mvua si sehemu ya kungoja. Mara tu jambo hilo linapotukia, kungoja kumekwisha. Akiambiwa "soma mpaka ukurasa wa kumi", ataufunga mwalimu akiona ukurasa wa kumi haukusomwa? Haiwezekani, mwalimu atamkaripia. Likifuatwa na kitendo, "mpaka" hukiacha kikomo nje; likifuatwa na kitu cha kuhesabika, hukitia ndani. COBOL, lugha ya ofisi na mabenki, ililitambua hilo bila ya kutangaza: ikatumia "until" pamoja na sharti, ikisema rudia mpaka namba izidi kumi. Sentensi zake ni ndefu kama hati ya wakili, na vijana huzicheka, lakini katika jambo hili moja ilisema ilichokusudia.

Baada ya maneno zikaja nukta. Pascal, iliyotungwa na Niklaus Wirth mwaka 1970, iliandika 1..10, na kumi ilikuwamo. Ruby ya Yukihiro Matsumoto, iliyotolewa mwaka 1995, ikaendelea na nukta mbili kwa maana ile ile, kisha ikaongeza nukta tatu kwa mfululizo unaokiacha kikomo. Swift ya kampuni ya Apple, mwaka 2014, ikazitumia nukta tatu kwa mfululizo unaokitia kikomo ndani, yaani kinyume kabisa. Rust, iliyofikia toleo lake la kwanza kamili mwaka 2015, ikazichukua nukta mbili za Pascal na kuzipa maana ya kuacha. Hivyo nukta mbili ni ndani katika lugha moja na nje katika nyingine, na nukta tatu vivyo hivyo. Naye msomaji atazamiwa kutofautisha kwa jicho lake nukta mbili na tatu katika kioo kidogo, usiku, akiwa amechoka. Katika maandishi ya kawaida ya Kiswahili nukta tatu zina kazi yake tangu zamani: huonyesha kwamba kuna maneno yaliyoachwa. Kwa hoja hiyo Ruby yaweza kutetewa kidogo, ila utetezi huo ni wa kubahatisha.

Kinachofaa kusifiwa katika sura hii ya nukta ni masahihisho yaliyofuata. Matoleo ya majaribio ya Swift yalitumia nukta mbili tupu kwa mfululizo unaoacha kikomo. Kabla ya toleo kamili watunzi walizibadili zikawa..<, nukta mbili na alama ya "ndogo kuliko". Rust nayo, mwaka 2018, iliidhinisha ..= kwa mfululizo unaoingiza kikomo, nukta mbili na alama ya "sawa na". Hizo si alama za kupendeza macho. Lakini kila moja yajieleza: anayejua hesabu za shule ya msingi aweza kukisia kwamba ya kwanza yasimama chini ya kikomo na ya pili yakifikia.

Hoja mashuhuri kuliko zote katika mjadala huu ni ya Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyeandika mwezi Agosti 1982 waraka mfupi wa kueleza kwa nini kuhesabu kuanze na sifuri. Aliuchukua mfululizo wa 2 hadi 12 akaonyesha njia nne za kuuandika: kutia ncha zote mbili ndani, kuziacha zote nje, kutia ya kwanza na kuacha ya mwisho, au kinyume chake. Akachagua ile inayotia mwanzo na kuacha mwisho, yaani si ndogo kuliko 2 wala haifiki 13. Sababu zake zina nguvu. Ukitoa mwanzo katika mwisho wapata idadi ya vitu bila ya kuongeza moja. Na mifululizo miwili ikifuatana, mwisho wa mmoja ndio mwanzo wa mwingine, bila ya pengo wala kupandana. Python, lugha ifunzwayo sana vyuoni leo, yafuata kauli hiyo: ukiiagiza mfululizo wa 1 na 10 itakupa moja hadi tisa.

Waraka huo ni wa mwanahesabu, na uzuri wake ni wa hesabu. Haukujiuliza sana namba hizo husimamia nini. Na hapo ndipo Kiswahili, lugha iliyozoea kuishi na hesabu mbili kwa wakati mmoja, kina neno la kuchangia.

Msemaji wa Kiswahili huishi katika juma lenye tano mbili. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, na kwa hesabu hiyo Jumatano ni ya tano. Inayoifuata ni Alhamisi, na jina hilo, kwa Kiarabu lilikotoka, nalo lina maana ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Hesabu mbili zenye mianzo miwili zimeshonwa katika juma moja, na mshono waonekana wazi baina ya Jumatano na Alhamisi. Saa nazo ni hivyo: simu iliyo mfukoni mwa kondakta wa Mbagala huonyesha 07:00, naye hutangaza saa moja. Lugha iliyobeba tofauti za namna hii kwa karne nyingi imejifunza pia kuziba nyufa zake. Kwa hesabu ya zamani ya pwani siku huanza jua linapotua, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee ni usiku ambao kijana huuita wa Alhamisi. Ili kuondoa utata huo watu husema, na magazeti huandika, "usiku wa kuamkia Ijumaa". Hapana alama iliyobuniwa, wala kanuni iliyopitishwa na kamati. Kitenzi kimoja kilichukuliwa kutoka katika maisha, na mpaka wa siku mbili ukasomeka.

Neno "mpaka" lenyewe lafaa kutazamwa, kwa kuwa kabla ya kuwa kiunganishi cha hesabu ni jina la kitu ardhini, ndugu wa kitenzi "kupakana". Wilaya ya Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke, katikati ya miaka ya 2010, ilichorwa mistari ambayo yenyewe haina upana. Kuuliza mstari ni wa wilaya gani ni kuuliza swali lisilo na jibu. Lakini nyumba zilizo kandokando ya mstari huo zahesabika, na kila moja ni lazima iwe upande mmoja tu, maana mwenyewe ana serikali ya mtaa ya kwenda. Hivyo basi mpaka hupima eneo na pia hugawa nyumba. Kwa eneo, kikomo ni cha wote wawili na si cha yeyote. Kwa nyumba, kikomo ni lazima kiwe na mwenyewe.

Hapa ndipo ilipo siri ya karatasi ya mlangoni. Siku za kazi huhesabiwa, na saa za kazi hupimwa. Vitu vihesabikavyo, kama kurasa, wanafunzi na vituo vya basi, msemaji wa Kiswahili huvitaja kwa ncha zote mbili: daladala yenye ubao wa Mbagala Rangi Tatu – Kariakoo husimama Mbagala na husimama Kariakoo, na abiria akishushwa kituo kimoja kabla atadai nauli yake. Vitu vipimikavyo, kama wakati, urefu na uzito, hugawanywa mahali pamoja bila ya kugombania ncha. Ratiba ya shule yasema kipindi cha kwanza ni saa 2:00 hadi 2:40 na cha pili ni 2:40 hadi 3:20; hapana mwanafunzi aliyeuliza dakika ya 2:40 ni ya Hisabati au ya Historia. Dijkstra alitaka wote waandike kama ratiba. Wirth aliandika kama ubao wa daladala. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa kitu alichokifikiria, na kosa limeanza pale kauli ya mmoja ilipolazimishwa kutumika kwa vyote.

Mfano wenye uchungu zaidi watokana na shule. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, Baraza la Mitihani la Tanzania hupanga alama hivi: A ni 75–100, B ni 65–74, C ni 45–64, D ni 30–44, na F ni 0–29. Maadamu alama ni namba kamili, mpango huo hauna dosari. 74 ina mahali pake na 75 ina mahali pake. Sasa mwalimu wa shule ya Tandale au ya Mbagala, apendaye kurahisisha kazi yake, aunda programu ndogo ya kupanga madaraja kwa wastani wa majaribio mawili. Anakili mpango kama ulivyo: ikiwa wastani si chini ya 75, A; ikiwa si chini ya 65 wala hauzidi 74, B; na kuendelea hivyo hadi mwisho, ambako asiyeingia kokote hupewa F. Mwanafunzi apata 74 katika jaribio la kwanza na 75 katika la pili. Wastani wake ni 74.5. Si A, maana haukufika 75. Si B, maana umezidi 74. Si C wala D. Programu humteremsha ngazi zote na kumpa F, yeye aliyekuwa na nusu alama tu ya kuipata A. Kompyuta haikukosea chochote. Hata mwalimu, kwa kipimo cha haki, alinakili kwa uaminifu. Kilichotokea ni kwamba kauli ya kuhesabu imepewa kitu cha kupima.

Msomaji atasema kwamba mwalimu angezungusha desimali kwanza. Angeweza, na wapo wengi wafanyao hivyo. Lakini lugha nzuri ya programu ingemwonya mapema, kwa kumlazimisha achague baina ya kauli mbili zilizo tofauti kwa sauti na kwa sura.

Katika miaka ya 2020 Tanzania imepata lugha ya programu iitwayo Nuru, ambayo maneno yake ya amri ni ya Kiswahili. Imejengwa juu ya lugha ya Go, kwa kufuata kitabu cha Thorsten Ball kinachofundisha namna ya kuunda lugha ya aina hiyo. Kazi hiyo yastahili heshima, na baadhi ya maneno yake yamechaguliwa kwa sikio zuri. "Vunja" ya kukatiza mzunguko ni neno la nguvu. "Sikweli" ni uundaji wa kijasiri. Na "ktk" ni ufupisho ambao kila mtu aliyewahi kuandika kwa haraka katika nafasi ndogo anaufahamu, hivyo haukuazimwa kwa mtu. Kwa mfululizo wa namba Nuru yatumia neno "mfululizo" lenyewe, nalo lafaa kabisa. Tatizo laanza baada ya neno. Mwandishi huandika mfululizo(1, 10), namba mbili na mkato kati yao, naye hupewa moja hadi tisa. Mkato ni ule ule wa FORTRAN, na kikomo kinachoachwa ni kile kile cha Python. Maneno yametafsiriwa, sentensi haikutafsiriwa. Msomaji wa Kiswahili aonapo mfululizo wa 1 na 10 hana sababu hata moja, katika lugha yake, ya kudhani kwamba kumi haimo.

Hukumu hiyo isichukuliwe kuwa ya kubeza. Kutafsiri msamiati ni hatua ya kwanza, na wengi hawakuifikia. Lakini wanafunzi wa fasihi wanajua kwamba kazi ya mfasiri huanza hasa pale neno la kamusi lisipotosha. Julius Nyerere alipoitoa tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Watu wamebishana juu ya uchaguzi huo, na wataendelea kubishana. Hapana, hata hivyo, awezaye kusema kwamba haukuwa uchaguzi. Katika mfululizo(1, 10) uchaguzi hauonekani. Kauli imehamia Dar es Salaam ikiwa na mizigo yake yote, na haikufunguliwa forodhani.

Nao mtoto wa Temeke hujifunza hesabu kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi; "moja hadi kumi" ameimba kabla ya kujua kusoma. Mtoto huyo ndiye ambaye lugha kama Nuru ilitungwa kwa ajili yake. Ikiwa kauli ya kwanza atakayoiandika itamwangusha mahali pale alipokuwa na hakika, atajifunza kwamba Kiswahili cha kompyuta si Kiswahili chake, na hilo ni baya kuliko kukosa namba kumi.

Kiswahili kina kauli za kutosha, wala hapana haja ya kubuni. Katika zahanati husemwa "watoto chini ya miaka mitano", na mama ajua kwamba siku mwanawe atakapotimiza mitano atakuwa ametoka katika kundi hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Anayebaki ni wa "miaka 18 na zaidi". Kauli hizo mbili zikiwekwa pamoja hazina ufa, hata kwa umri wa miaka 17 na siku 364. Viwango vya kodi ya mapato ya waajiriwa vilivyoanza Julai 2021 husema kwa uangalifu ule ule: mapato ya mwezi yasiyozidi shilingi 270,000 hayatozwi, yanayozidi 270,000 lakini hayazidi 520,000 hutozwa asilimia 8 ya ziada. Mtoza kodi amekitia kikomo cha juu ndani na cha chini nje, kinyume cha Dijkstra, na hesabu yake imekaa vyema. Wote hao, muuguzi na wakili na mtoza kodi, wamekwepa kistari.

Basi lugha ya programu ya Kiswahili ingeweza kuwa na kauli mbili. Kwa kuhesabu: kuanzia 1 hadi 10, ncha zote mbili zikiwamo, sawasawa na ubao wa daladala. Kwa kupima: kuanzia 65 hadi chini ya 75, ambapo 74.5 ina nyumba na 75 ni ya jirani. "Hadi chini ya" si maneno ya kutunga. Ni usemi wa kila siku, na jicho haliwezi kuyapita bila ya kuyaona kama linavyoipita nukta ya tatu. Neno "mpaka" lingebaki kwa masharti, rudia mpaka jambo fulani litokee, maana hiyo ndiyo kazi linaloifanya vizuri zaidi likiwa na kitendo mbele yake. "Kati ya" na "baina ya" yafaa yaachwe nje kabisa. Mtu aambiwapo achague namba kati ya 1 na 10 huanza kwa kuuliza kama moja na kumi zinaruhusiwa, na kauli inayozaa swali haifai kuwa amri.

Vipingamizi vipo. Cha kwanza ni urefu, nacho ni chepesi: FORTRAN ilibana maneno kwa kuwa iliandikwa katika kadi zenye safu 80 za matundu, na kadi hizo hazipo tena. Cha pili kina uzito. Dijkstra alitaja katika waraka wake lugha ya Mesa, iliyotumiwa katika maabara ya Xerox huko California, ambayo iliruhusu njia zote nne; uzoefu wa huko, alisema, ulionyesha kwamba njia tatu zilizobaki zilizaa makosa daima. Kwa hiyo yeye angesema kauli moja, basi. Lakini Mesa ilizitofautisha njia zake kwa umbo la mabano peke yake, mabano mraba kwa ndani na mabano duara kwa nje. Ushahidi huo wahukumu alama zinazofanana kuliko unavyohukumu wingi wa kauli. Muuguzi hutumia kauli mbili kila siku, naye hachanganyi.

Cha tatu ndicho kigumu, wala hakina jibu la kuridhisha. Darasa likiwa halina mwanafunzi hata mmoja, kauli ya kuhesabu itasoma "kuanzia 1 hadi 0". Kompyuta ya Pascal ingeelewa kwamba hapana la kufanya. Lugha ya R, itumiwayo na wanatakwimu, huelewa kwamba imeambiwa irudi nyuma, ikatoa moja kisha sifuri, na kosa hilo limewapata wengi. Mswahili naye akisikia "kumi hadi moja" hurudi nyuma bila ya kusita. Kauli ya kupima haina taabu hii: kuanzia 0 hadi chini ya 0 ni tupu, na utupu wake waonekana. Pengine kushuka kupewe neno lake, "kushuka hadi", kama Kotlin ilivyofanya kwa Kiingereza, na "hadi" peke yake iwe ya kupanda tu. Hilo lingekuwa kuilazimisha lugha kidogo, na mtunzi atakayelifanya hana budi kulisema wazi katika kitabu chake.

Neno "kuanzia" nalo halikosi mtego, na mtego wake umetoka nje ya madarasa. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1 ya sheria za Tanzania, yasema kwamba muda unaohesabiwa kutoka siku fulani hauihesabu siku hiyo, na muda unaoendelea mpaka siku fulani huihesabu. Kanuni hiyo ilifikiriwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na mfasiri afikapo mahali hapo aweza kuandika "kutoka" au "kuanzia". Akiandika "kuanzia", Mswahili yeyote wa Mwananyamala au Tandika ataihesabu siku ya kwanza, kwa kuwa kitu hakiwezi kuanzia mahali ambapo hakipo. Tangu kanuni za mwaka 2018 kuruhusu mashauri kufunguliwa kwa njia ya kielektroniki, hesabu ya muda wa rufaa yaweza kufanywa na programu. Na aliyeiandika programu hiyo, akiwa na sheria mkono mmoja na lugha yake mkono wa pili, ataamua kama mtu aliyepewa siku 30 kuanzia tarehe 1 Juni afungiwe mlango usiku wa tarehe 30 Juni au usiku wa tarehe 1 Julai.